Kupaliwa Kimyakimya: Wataalamu wa Tiba ya Usemi Wanavyofunzwa Kutibu Matatizo ya Kumeza

Kumeza ni kazi ambayo mtu mzima mwenye afya huifanya mamia ya mara kwa siku pasipo kuifikiria. Humeza chakula, humeza maji, na kati ya mlo na mlo humeza mate yake mwenyewe. Wepesi huo huficha ugumu mkubwa. Kumeza tonge moja la ugali huhitaji takriban jozi 30 za misuli, pamoja na neva tano zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, zote zikipokezana kazi kwa mpangilio usioruhusu kuchelewa hata kidogo.

Safari ya tonge ina hatua nne. Kwanza, chakula hutafunwa na kuchanganywa na mate mpaka kilainike. Pili, ulimi hulisukuma tonge kwenda nyuma. Hatua ya tatu ndiyo yenye hatari, kwa sababu koromeo ni njia panda: hewa na chakula hupita mahali pamoja kabla ya kuachana, hewa ikishika njia ya mapafuni na chakula kikiingia kwenye umio. Kwa muda wa takriban sekunde moja pumzi husimama, kaakaa laini hupanda na kuziba njia ya puani, nyuzi za sauti hubana, zoloto hupanda juu na mbele, kidakatonge huinama na kufunika mlango wa njia ya hewa, kisha mlango wa umio hufunguka. Katika hatua ya nne, umio hulisukuma tonge hadi tumboni.

Mpangilio huo ukivurugika, chakula, kinywaji au mate huingia kwenye njia ya hewa. Mtu mwenye afya akipaliwa hukohoa, na kikohozi hicho ndicho kinachomwokoa. Mgonjwa aliyepoteza hisia za koo hupaliwa bila kukohoa, bila kubadilika uso, na bila aliyeketi karibu naye kujua lolote. Huko ndiko kupaliwa kimyakimya. Athari zake hujitokeza baadaye: homa, nimonia inayojirudia, kukonda, upungufu wa maji mwilini, na wakati mwingine kifo ambacho familia hukihesabia ugonjwa mwingine.

Wanaokumbwa na matatizo haya ni wengi. Wamo waliopata kiharusi, walioumia kichwa katika ajali, wenye ugonjwa wa Parkinson, wenye saratani ya kinywa au koo, wazee waliopoteza kumbukumbu, na wagonjwa waliotolewa kwenye mashine ya kupumulia baada ya siku nyingi. Wamo pia watoto njiti, watoto wenye mtindio wa ubongo, na waliozaliwa na kaakaa lililopasuka. Uchambuzi wa tafiti za kiharusi uliochapishwa mwaka 2005 na Rosemary Martino na wenzake ulionyesha kuwa vipimo vya haraka hugundua tatizo la kumeza kwa asilimia 37 hadi 45 ya wagonjwa, ilhali vyombo vinavyoonyesha ndani ya koo hugundua kwa asilimia 64 hadi 78. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni wagonjwa ambao macho matupu huwapitia. Mafunzo ya kutibu matatizo ya kumeza yanajengwa juu ya ukweli huo: mwanafunzi hufundishwa kushughulika na hatari asiyoweza kuiona.

Kwa nini wataalamu wa usemi

Mtu aliyezoea kumwona mtaalamu wa tiba ya usemi akimsaidia mtoto mwenye kigugumizi anaweza kushangaa kusikia kuwa mtaalamu huyohuyo ndiye anayeitwa wodini mgonjwa anaposhindwa kunywa maji. Sababu iko mwilini. Midomo, ulimi, kaakaa, koromeo na nyuzi za sauti hutumika kusema na hutumika kumeza. Aliyesomea namna viungo hivyo vinavyotoa sauti tayari anajua nusu ya njia.

Nusu ya pili ilianza kupata umbo la taaluma nchini Marekani katika miaka ya 1970 na 1980. Jeri Logemann, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern, aliendeleza kipimo cha eksirei ya video kinachomwonyesha mgonjwa akimeza vyakula vya uzito mbalimbali vilivyochanganywa na bariamu, madini yanayofanya chakula kionekane kwenye eksirei. Mwaka 1983 alichapisha kitabu cha kupima na kutibu matatizo ya kumeza ambacho kilisomwa na vizazi vya wanafunzi. Mwaka 1988 Susan Langmore na wenzake walieleza njia nyingine, ya kupitisha puani kamera nyembamba yenye taa ili kulitazama koromeo mgonjwa akila. Njia hizo mbili ziliufanya uchunguzi wa kumeza uache kuwa kazi ya kubahatisha, na vyuo vikapata kitu cha kufundisha kwa ushahidi.

Darasani: kujua kabla ya kugusa

Masomo huanza na anatomia na fiziolojia ya kichwa, shingo na kifua. Mwanafunzi hujifunza kila neva na kazi yake: ipi inatafunisha, ipi inakunja midomo, ipi inapeleka hisia za koo, ipi inainua zoloto, ipi inazungusha ulimi. Hiyo si elimu ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mgonjwa ambaye sauti yake imekuwa ya kukwaruza ghafla baada ya kiharusi anaashiria kuwa huenda nyuzi zake za sauti hazifungi, na mlango usiofunga wakati wa kusema hautafunga vizuri wakati wa kumeza.

Baada ya hapo huja elimu ya magonjwa. Kumeza kwa mgonjwa wa kiharusi kunaweza kuimarika ndani ya siku au wiki chache, kwa hiyo mtaalamu hupima na kupima tena. Kumeza kwa mgonjwa wa Parkinson hudhoofika polepole kwa miaka. Mgonjwa wa saratani aliyechomwa mionzi ya shingo anaweza kula vizuri leo, kisha misuli yake ikakakamaa baada ya muda mrefu. Mwanafunzi asiyejua mwenendo wa ugonjwa hawezi kupanga tiba, kwa sababu hajui kama analenga kurudisha uwezo uliopotea au kulinda uliobaki.

Kando ya kitanda

Uchunguzi wa kwanza hufanyika wodini bila chombo chochote kikubwa. Mwanafunzi hufundishwa kuanza na faili: ugonjwa gani, dawa gani, homa tangu lini, uzito umepungua kiasi gani. Kisha humtazama mgonjwa kabla ya kumpa chochote. Yuko macho? Anaweza kuketi wima? Anameza mate yake au yanamtoka? Sauti yake ni kavu, au ina unyevu kama wa mtu anayesema akiwa na maji kooni? Anaweza kukohoa kwa nguvu akiambiwa akohoe?

Hapo ndipo huja maji kidogo kwa kijiko, kisha kwa kikombe, kisha chakula laini, mtaalamu akiwa ameweka vidole vyepesi shingoni ili ahisi zoloto likipanda. Mwanafunzi hujifunza kuhesabu muda, kusikiliza pumzi baada ya kumeza, kuangalia mabaki ya chakula shavuni, na kusimamisha zoezi mara aonapo dalili mbaya.

Somo kubwa la hatua hii ni mipaka yake. Uchunguzi wa kitandani hauwezi kuthibitisha kupaliwa kimyakimya, na mwanafunzi anayesema mgonjwa yuko salama kwa sababu tu hakukohoa amefanya kosa linaloweza kumgharimu mtu uhai. Anachotakiwa kujua ni nani wa kulishwa kwa tahadhari, nani wa kusubiri, na nani wa kupelekwa kwenye kipimo cha ndani.

Kusoma picha ya koo

Kipimo cha eksirei ya video hufanywa kwa ushirikiano na idara ya radiolojia. Kazi ya mtaalamu ni kuchagua aina na kiasi cha chakula, kumpanga mgonjwa, na kusoma picha zinazopita kwa kasi. Jicho lisilofundishwa huona kivuli cheusi kikishuka tu. Ndiyo maana Bonnie Martin-Harris na wenzake walitoa mwaka 2008 mfumo wa kupima vipengele 17 vya kumeza, kuanzia midomo kufunga hadi umio kusafisha chakula, kila kimoja kikipewa alama yake. Anayetaka kutambuliwa kuwa msomaji wa mfumo huo sharti afikie usahihi wa asilimia 80 katika mtihani wake.

Upo pia mzani wa kupaliwa uliochapishwa mwaka 1996 na John Rosenbek na wenzake, wenye ngazi 1 hadi 8. Ngazi ya kwanza ni pale ambapo hakuna kilichoingia kwenye njia ya hewa. Ngazi ya nane, ambayo ndiyo mbaya kupita zote, ni pale chakula kinaposhuka chini ya nyuzi za sauti na mgonjwa asifanye jitihada yoyote ya kukitoa. Kwa mzani huo, mtaalamu wa Nairobi na mwenzake wa Tokyo wanaweza kuzungumzia mgonjwa mmoja kwa kipimo kimoja.

Kamera ya puani nayo ina mafunzo yake. Mwanafunzi huanza kwa kuizoea kwenye sanamu la kufundishia, kisha kwa watu wenye afya waliojitolea, kisha kwa wagonjwa, akisimamiwa muda wote na aliyebobea. Faida ya kamera ni kwamba inaweza kupelekwa kitandani na haina mionzi.

Tiba na ushahidi wake

Tiba ni za aina mbili. Ya kwanza hupunguza hatari papo hapo: kuketi wima, kumeza kidogo kidogo, kuinamisha kidevu kifuani kabla ya kumeza, au kugeuza kichwa upande uliodhoofika ili chakula kipite upande wenye nguvu. Ya pili hujenga misuli. Katika zoezi la Shaker, mgonjwa hulala chali na kuinua kichwa atazame vidole vya miguu, mabega yakibaki chini, ili kuimarisha misuli inayofungua mlango wa umio. Katika mbinu ya Mendelsohn, hulishikilia zoloto juu kwa sekunde chache katikati ya kumeza. Mwanafunzi hufanya mazoezi haya mwilini mwake kwanza, kwa kuwa hawezi kumwelekeza mgonjwa katika jambo asilowahi kulihisi.

Hufundishwa pia kuidai kila tiba ushahidi. Kufanya vinywaji kuwa vizito ni mfano mzuri. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2008 uliwachunguza kwa eksirei wagonjwa 711 wenye Parkinson au upotevu wa kumbukumbu, ukaona kuwa kinywaji kizito kama asali kilipunguza kupaliwa zaidi kuliko kuinamisha kidevu. Lakini wagonjwa 515 walipofuatiliwa kwa miezi mitatu, nimonia haikutofautiana kwa kiwango cha kuridhisha kati ya makundi, na waliopewa vinywaji vizito walipata zaidi matatizo kama upungufu wa maji mwilini. Mtaalamu aliyefundwa vizuri hamwekei kila mgonjwa kinywaji kizito. Hupima faida na hasara za mgonjwa aliye mbele yake, na husikiliza pia matakwa yake, hasa maisha yanapokaribia ukingoni na kula kukabaki kuwa moja ya furaha chache.

Usafi wa kinywa nao una nafasi ambayo wengi hawaitarajii. Mwaka 1998 Langmore na wenzake walionyesha kuwa miongoni mwa mambo yanayotabiri nimonia kwa wazee ni kutegemea mtu mwingine kulishwa, kutegemea mtu mwingine kusafishwa kinywa, na idadi ya meno yaliyooza. Mate yaliyojaa bakteria yakiingia mapafuni huleta ugonjwa hata kama mgonjwa hajala kitu. Kwa sababu hiyo, mswaki ni chombo cha tiba, na mwanafunzi hufundishwa kuutumia kwa mgonjwa asiyeweza kufungua kinywa vizuri.

Uji, mtori na ugali

Kwa muda mrefu kila nchi, na hata kila hospitali, ilikuwa na majina yake ya uzito wa vyakula, na mgonjwa aliyehamishwa wodi angeweza kupewa kitu tofauti na alichoandikiwa. Mwaka 2013 wataalamu wa nchi mbalimbali walianzisha mpango wa kimataifa unaojulikana kwa kifupi kama IDDSI. Mpango huo umepanga vinywaji na vyakula katika ngazi 0 hadi 7, kuanzia maji matupu hadi chakula cha kawaida. Vipimo vyake ni rahisi: kinywaji hutiwa kwenye bomba la sindano la mililita 10, kikaachwa kitiririke kwa sekunde 10, na kiasi kilichobaki ndicho kinachotaja ngazi. Chakula hupimwa kwa uma, kijiko au vidole.

Urahisi huo una maana kubwa kwa Afrika Mashariki, ambako unga maalumu wa kuongeza uzito wa vinywaji ni ghali au haupatikani. Mwanafunzi anaweza kupima uji wa ulezi, mtori, ndizi zilizopondwa au maharage yaliyochujwa, akajua vinaangukia ngazi gani. Anajifunza pia tabia za vyakula hivyo. Uji huwa mwepesi ukiwa wa moto na mzito ukipoa, na mate yanayorudi na kijiko bakulini huuyeyusha kwa sababu yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Wali wenye mchuzi mwepesi ni mgumu kuliko unavyoonekana, maana majimaji hutangulia kooni wakati punje bado zinatafunwa. Mtaalamu anayetoa ushauri wa vyakula visivyoliwa nyumbani kwa mgonjwa atasikilizwa kwa heshima, kisha ushauri wake utaachwa mlangoni.

Watoto

Kuwahudumia watoto ni fani yenye uzito wake. Mtoto mchanga lazima aratibu kunyonya, kumeza na kupumua, na uratibu huo huanza kukomaa karibu na wiki ya 32 hadi 34 ya ujauzito. Mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya hapo anaweza kuchoka au kuishiwa oksijeni akilazimishwa kunyonya, na mwanafunzi hujifunza kusoma ishara zake: rangi ya midomo, kupanuka kwa pua, mikono kulegea.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, tiba huanzia kwenye nyonga kabla ya kufika mdomoni. Mtoto asiyeketi imara hawezi kukitawala kichwa, na asiyetawala kichwa hawezi kutawala ulimi. Kulishwa akiwa amelazwa chali, kichwa kikiwa kimerudi nyuma, hufungua njia ya hewa na kumwacha bila kinga. Mabadiliko madogo humsaidia sana: mgongo wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kikitoka mbele badala ya juu, na muda wa kumeza kabla ya kijiko kinachofuata. Mtaalamu hufundishwa kumfundisha mama kwa subira na bila lawama, kwani mama ndiye atakayelisha siku zote zinazobaki.

Saa za mazoezi na usimamizi

Darasa pekee halitoshi. Nchini Marekani, anayetaka cheti cha chama cha kitaifa cha taaluma hii hukamilisha saa 400 za mazoezi ya kitabibu, 25 zikiwa za kutazama na 375 za kushughulika na wagonjwa, na kumeza ni moja ya maeneo tisa anayopaswa kuyamudu. Baada ya shahada ya uzamili hufanya kazi chini ya usimamizi kwa wiki zisizopungua 36.

Uingereza ilichelewa kidogo. Kwa miaka mingi wahitimu wake walitoka chuoni na nadharia ya kumeza, wakapata ujuzi wa mikono baada ya kuajiriwa. Mwaka 2021 chama cha kitaaluma cha nchi hiyo kilitoa viwango vinavyotaka ujuzi huo upatikane ndani ya shahada yenyewe, pamoja na saa za mazoezi ya kumeza kwa watu wazima na kwa watoto. Wazo ni lilelile: wagonjwa hawawezi kuwa mahali pa kujifunzia bila msimamizi.

Afrika Mashariki

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha katika Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, aliyetaka kusomea kazi hii alilazimika kwenda mbali na nyumbani. Hata hivyo wataalamu bado ni wachache mno wakilinganishwa na watu wanaowahitaji, nao hukusanyika kwenye miji mikubwa, wakati mgonjwa wa kiharusi wa wilayani hulishwa na ndugu zake siku ileile aliyolazwa.

Uchache huo unaelekeza namna ya kufundisha. Mhitimu wa ukanda huu anahitaji ujuzi wa kumeza pamoja na ujuzi wa kuugawa. Ushahidi upo kwamba kugawa huko kunaokoa maisha. Nchini Australia, katika jimbo la New South Wales, wodi 19 za kiharusi zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Sandy Middleton na wenzake. Wauguzi wa baadhi ya wodi walifundishwa kusimamia mambo matatu: homa, sukari kwenye damu na kumeza. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 katika wodi hizo, na asilimia 58 katika wodi nyingine. Hakuna dawa mpya iliyotumika wala mashine ya gharama. Kilichotumika ni wauguzi waliofundishwa nini cha kufanya na lini.

Mtaalamu mmoja katika hospitali ya mkoa hawezi kumfikia kila mgonjwa, lakini anaweza kuwafundisha wauguzi wa wodi kutompa mgonjwa wa kiharusi maji kabla ya kumpima, kumwita yeye kwa ajili ya walio hatarini, na kusafisha vinywa kila siku. Vyuo vya afya vya ukanda huu vina haja ya kulipa somo la kumeza saa za kutosha wodini, wasimamizi wenye ujuzi, na vipimo vinavyotumia vyakula vya nyumbani. Serikali nazo zina haja ya kuwaajiri wahitimu hao katika hospitali za mikoa na kaunti, badala ya kuwaacha wagombee nafasi chache za miji mikuu. Na kila anayemlisha mgonjwa, awe muuguzi au ndugu, azingatie hili: amketishe wima, ampe kidogo kidogo, amsafishe kinywa, na akiona homa, sauti yenye unyevu au kukonda kusikoelezeka, aombe mgonjwa apimwe namna anavyomeza, hata kama hajawahi kumsikia akikohoa.